Jinsi ya kutafuta hitilafu za udhibiti wa joto kwenye vepu

Mtu anayetumia kifaa cha kuvuta mvuke, ambacho wengi hukiita vepu, huweka joto la nyuzijoto 220 za Selsiasi akitegemea kwamba waya uliozungushwa kwenye pamba hautapita hapo. Kisha mambo huenda kombo: mvuke hutoka mwembamba kama vile betri imekwisha, au kifaa hukata umeme kila baada ya nusu sekunde, au, na hili ndilo baya kuliko yote, koo hukwaruzwa na moshi wa pamba iliyoungua ilhali kioo kinaonyesha kwamba joto limedhibitiwa. Wengi wakifika hapo huanza kupandisha na kushusha tarakimu kwa kubahatisha, au huamua kwamba kifaa kimekufa na kununua kingine. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila kinapewa taarifa zisizo za kweli.

Karibu kila ninachokieleza hapa kinatokana na jambo moja ambalo vijitabu vya maelezo hulipita haraka mno: kifaa hakina kipimajoto ndani ya koili, yaani ule waya uliozungushwa unaopashwa moto. Hakuna kitu chochote kwenye atomaiza, sehemu inayofungwa juu ya kifaa ikibeba koili, pamba na kimiminika, kinachogusa waya na kuhisi joto lake. Kifaa hupima ukinzani wa koili, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita, kisha hukokotoa joto kwa kuwa metali fulani huongeza ukinzani kadiri zinavyopata moto. Mbinu hii ilianza kuwafikia watumiaji wa kawaida mwaka 2014, pale kampuni ya Evolv ya Marekani ilipotoa saketi iitwayo DNA 40, iliyokusudiwa nyaya za nikeli. Baadaye vikafuata titani na chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi. Kifaa kinahitaji kujua mambo matatu tu: koili ilikuwa na ukinzani gani ilipokuwa baridi, imetengenezwa kwa metali gani, na ukinzani wake ni upi wakati huu. Moja kati ya hayo likiwa la uongo, joto linaloandikwa kwenye kioo nalo ni la uongo.

Ni vizuri kuona ukubwa wa makosa haya kwa hesabu, maana bila hesabu ni vigumu kuamini kwamba skrubu iliyolegea kidogo inaweza kuunguza pamba. Waya wa stenlesi wa aina ya 316L huongezeka ukinzani kwa takriban 0.00092 ya ukinzani wake wa awali kwa kila nyuzijoto moja. Koili yenye omu 0.50 katika nyuzijoto 20 itakuwa na omu 0.592 hivi ikifika nyuzijoto 220. Safari nzima, kutoka koili iliyopoa hadi koili inayotoa mvuke mzito, imo ndani ya omu 0.092. Basi omu 0.02 tu zikiongezwa na mguu wa koili, yaani ncha ya waya wake, ambao haukubanwa sawasawa, kifaa kitadhani joto limepanda kwa zaidi ya nyuzijoto 40 ambazo hazipo, nacho kitakata umeme mapema. Hali ikigeuka, hatari huongezeka: kifaa kikisajili omu 0.52 wakati maungio yamelegea, halafu maungio yale yakakaa sawa na koili ikarudi kwenye omu 0.50 zake za kweli, waya utafikishwa karibu na nyuzijoto 270 huku kioo kikiendelea kuonyesha 220.

Kusoma dalili kabla ya kushika bisibisi

Hitilafu hizi zina pande mbili, na kujua uko upande gani huokoa muda mwingi. Upande wa kwanza ni ule ambapo kifaa kinadhani koili ina moto kuliko ilivyo: mvuke ni hafifu, ujumbe wa kinga ya joto hutokea mara tu unapobonyeza kitufe, na kupandisha wati hakuleti nafuu yoyote. Hapo sababu huwa ni maungio yaliyolegea baada ya kipimo cha awali kuchukuliwa, au waya wa nikeli au titani unaotumika huku menyu imewekwa kwenye stenlesi, au kipimo kimeandikwa kwa Farenhaiti bila mwenyewe kutambua. Hili la mwisho hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri: 220 za Farenhaiti ni kama nyuzijoto 104 tu za Selsiasi, joto lisiloweza kutoa mvuke wa maana, wakati nyuzijoto 220 za Selsiasi ni 428 za Farenhaiti.

Upande wa pili ni ule ambapo kifaa kinadhani koili ni baridi kuliko ilivyo. Ujumbe wa kinga hautokei kabisa, hata tangi linapokaribia kukauka. Ladha inakuwa kali. Pamba inakuwa ya kahawia na kisha nyeusi. Upande huu usivumiliwe hata kwa siku moja. Propilini glikoli, mojawapo ya vimiminika viwili vinavyobeba ladha, huchemka kwenye nyuzijoto 188, na gliserini kwenye nyuzijoto 290, ndiyo maana mchanganyiko wa kawaida hutoa mvuke mzuri kati ya nyuzijoto 200 na 250. Waya unapoachwa upite kiasi, vimiminika hivyo huanza kuvunjika na kutoa kemikali zenye sumu kama formaldehidi. Kazi kubwa ya udhibiti wa joto ni kuzuia hilo, na kifaa kilichopoteza uwezo huo bila kumwambia mwenyewe ni kibaya kuliko kile kisicho na udhibiti kabisa, kwa sababu anayekivuta haweki hadhari.

Kuna dalili nyingine mbili za kati. Ukinzani unaorukaruka kwenye kioo, kwa mfano 0.48, mara 0.53, mara 0.50, bila kitufe kubonyezwa, ni maungio, na hauhitaji uchunguzi mwingine. Kifaa kinachohama chenyewe kutoka udhibiti wa joto hadi wati nacho kinasema kwamba kimetafuta ongezeko la ukinzani na hakikuliona. Mara nyingi koili hiyo ni ya kanthali, metali ambayo ukinzani wake karibu haubadiliki kwa joto, na hakuna mpangilio wowote kwenye menyu utakaoifanya ifae kwa kazi hii.

Tahadhari moja hapa: ujumbe wa kinga ya joto si hitilafu kila unapotokea. Ukionekana mwishoni mwa kuvuta kwa muda mrefu, au kimiminika kinapopungua, kifaa kinafanya kile ulichokinunua kikufanyie.

Kipimo cha koili baridi

Ningeombwa nitaje jambo moja tu la kuangalia, ningetaja hili. Kifaa husajili ukinzani wa koili pale atomaiza inapofungwa, nacho huchukulia kwamba koili iko kwenye joto la chumba, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 20 na 25. Sasa fikiria mtu aliyekuwa akivuta, akafungua atomaiza ili aongeze kimiminika, akaifunga tena baada ya dakika moja, na kifaa kikamwuliza kama koili ni mpya. Akajibu ndiyo bila kufikiri. Kama koili ile ya omu 0.50 ilikuwa bado na nyuzijoto 70, kifaa kimesajili omu 0.523 kama kipimo cha baridi. Kuanzia hapo, kila anapoweka nyuzijoto 220, waya unafika karibu 280. Kosa halibaki kwenye nyuzijoto 50 alizoanza nazo. Linakua, kwa sababu ongezeko hukokotolewa juu ya tarakimu ambayo tayari imevimba.

Dawa yake ni subira. Vua atomaiza, iweke mbali na kifaa, na iache kwa dakika 15 au zaidi hadi iwe baridi mkononi kabisa. Kifaa chenyewe nacho kiwe kimepoa, maana kilichotoka kuchajiwa huwa na joto kinalolipitisha kwenye atomaiza mara tu kinapofungwa. Usifanye kazi hii kwenye jua wala ndani ya gari lililofungwa, kwa kuwa penye nyuzijoto 35 kifaa kinachodhani kipo kwenye 20 kinaanza na kosa la nyuzijoto 15 kabla hujavuta hata mara moja. Kisha funga atomaiza, subiri ukinzani utulie kwenye kioo, jibu kwamba koili ni mpya, na kama menyu ina alama ya kufuli kwenye ukinzani, ifunge. Baada ya hapo, kila utakapoulizwa kuhusu koili ileile, jibu kwamba ni ileile. Jibu la "mpya" libaki kwa koili iliyobadilishwa kweli na iliyopoa kweli. Kosa la kinyume lipo pia, la kuweka koili mpya na kujibu kwamba ni ya zamani, na madhara yake hutegemea tofauti ya ukinzani kati ya hizo mbili.

Koili mpya ina tabia ya kujishusha. Miguu yake hubonyea chini ya skrubu inapopata moto mara za kwanza, na mbano hulegea. Kwa hiyo, baada ya kuibonyeza mara chache, iache ipoe, kaza skrubu tena kwa upole, na uchukue kipimo cha baridi upya. Hatua hii ndogo huondoa malalamiko mengi ya "ilikuwa sawa jana, leo inakata".

Maungio

Umeme hupita sehemu nyingi kabla ya kufika kwenye koili: pini ya katikati ya kifaa, pini ya atomaiza, nguzo, skrubu, na miguu ya waya. Kila mahali hapo panaweza kuongeza ukinzani, na kifaa hakiwezi kutofautisha ukinzani wa uchafu na ukinzani wa joto. Katika koili ya nikeli ya omu 0.10, wati 40 zinahitaji ampea 20. Kwa mkondo mkubwa kiasi hicho, mahali palipolegea pia hupata moto na kubadilika ukinzani wakati wa kuvuta, jambo linalofanya tarakimu zisiaminike hata kidogo.

Jaribio ni jepesi. Washa kioo bila kubonyeza kitufe cha kuvuta, shika atomaiza na uitikise taratibu kushoto na kulia, ukiangalia ukinzani. Tarakimu mbili baada ya nukta zisibadilike. Zikibadilika, fungua kila kitu. Safisha pini zote mbili na sehemu ya kukazia kwa kijiti chenye pamba kilicholowekwa spiriti, zikauke kabisa, kisha kaza atomaiza hadi ikae bila kutumia nguvu za ziada, kwa sababu kukaza kupita kiasi huisukuma pini ya kifaa chini na kuharibu kihami chake. Angalia pia pini ya atomaiza: kwenye nyingi ni skrubu, nayo hulegea polepole kadiri unavyobadilisha koili. Mimi mwenyewe nilikaa takriban wiki nzima nikibadilisha pamba na kushusha joto, kumbe utando wa kimiminika kilichokauka chini ya pini hiyo ndio uliokuwa ukinipa ladha ya kuungua. Tangu hapo, pini ndiyo ninayoanza nayo.

Kwa wanaotumia koili za kununuliwa zikiwa tayari, hakuna miguu ya kubana, lakini kichwa cha koili chenyewe hufungwa ndani ya tangi kwa mikato yake, na hapo napo hulegea na kuingiwa na kimiminika.

Aina ya waya na tarakimu ya TCR

Makosa ya metali ni rahisi kuyatambua kwa sababu matokeo yake huwa makubwa. Nikeli safi ya Ni200 ina mgawo wa ongezeko la ukinzani kwa kila nyuzijoto wa takriban 0.006, titani 0.0035, na stenlesi ya 316L 0.00092, huu ndio mgawo unaoandikwa TCR kwenye menyu. Ukiweka koili ya stenlesi huku kifaa kikidhani ni nikeli, kifaa kitangoja ukinzani upande hadi mara 2.2 ya ulivyokuwa, jambo ambalo stenlesi haiwezi kulifanya ndani ya joto linalotumika kuvuta mvuke. Umeme hautakatwa, na pamba itaungua kana kwamba udhibiti haupo. Ukiweka nikeli kwenye mpangilio wa stenlesi, kifaa kitaona ongezeko linalolingana na nyuzijoto 220 koili ikiwa bado na nyuzijoto 51 hivi, na hutapata mvuke. Titani ikichukuliwa kuwa nikeli itapelekwa zaidi ya nyuzijoto 350.

Kwa hiyo soma maandishi yaliyo ubavuni mwa koili au kwenye kibandiko cha kisokoto cha waya, na usibahatishe kwa rangi. Stenlesi ina aina kadhaa, na 304, 316 na 430 hazifanani kwa mgawo. Kama menyu ina jina moja tu la jumla la stenlesi na matokeo hayaridhishi, ingia kwenye mpangilio wa TCR na uandike tarakimu mwenyewe. Watengenezaji wa 316L hutaja mgawo wa kuanzia 0.00088 hadi juu kidogo ya 0.001, kwa hiyo tarakimu hii hurekebishwa kidogo kidogo: mvuke ukiwa wa moto mno, ipunguze, ukiwa wa baridi mno, iongeze. Lakini usiiguse kabla ya kumaliza kipimo cha baridi na maungio, maana utakuwa unaficha hitilafu moja kwa kutengeneza nyingine.

Wenye mzio wa nikeli wasitumie Ni200, na wakumbuke kwamba 316L nayo ina nikeli ndani yake.

Wati, koili na pamba

Katika udhibiti wa joto, wati huamua kasi ya kufika, na joto huamua mahali pa kusimama. Wati zikiwa chache kwa koili kubwa, hewa unayovuta huipoza kuliko umeme unavyoipasha, na joto ulilochagua halifikiwi kamwe; zikiwa nyingi kwa koili ndogo, waya hulipita joto kabla kifaa hakijawahi kukata, na utahisi mvuke ukija kwa mapigo. Anza chini na upandishe wati mbili au tatu kwa wakati.

Umbo la koili nalo lina neno. Nyaya za nikeli na titani zipangwe mizunguko isigusane, kwa kuwa mzunguko unaogusa jirani yake hufupisha njia ya umeme na kuubadilisha ukinzani bila mpangilio. Stenlesi inaweza kugusana, mradi iwe imeondolewa madoa ya moto, yaani sehemu zinazowaka kabla ya nyingine, kwa kuipasha polepole bila pamba, kwa wati chache, huku ukiikwaruza kwa kibano cha kauri. Nikeli na titani zisipashwe hadi ziwe nyekundu: titani hufunikwa na unga mweupe wa oksidi, kitu ambacho hupaswi kukivuta. Pamba nayo ijae koili bila kukabwa. Pakiwa na pengo, sehemu ya waya isiyoguswa na kimiminika hupata moto zaidi, na kifaa, kinachoona wastani wa waya wote, hakitaijua.

Jaribio la pamba kavu

Ukishafanya hayo yote, thibitisha. Weka pamba mpya kavu kwenye koili, bila kimiminika, mahali pa wazi pasipo na kitu cha kushika moto, na maji yawe karibu. Weka nyuzijoto 150 na wati chache, bonyeza kwa sekunde mbili, angalia pamba. Panda hadi 180, kisha 200. Kwenye 200 pamba ibaki nyeupe au iwe na umanjano hafifu sana. Ikigeuka kahawia haraka au ikatoa moshi, simama. Koili ina moto kuliko kioo kinavyosema, na unarudi kwenye kipimo cha baridi na aina ya waya. Fanya pia gizani: metali huanza kutoa mwanga mwekundu unaoonekana kwenye nyuzijoto 525 hivi, kwa hiyo wekundu wowote, hata wa kufifia, unaonyesha kwamba udhibiti haupo.

Kifaa chenyewe

Hapa ndipo watu huanzia, na ndipo panapostahili kuwa mwisho. Jaribu atomaiza nyingine unayojua ni nzima. Hakikisha betri imejaa na ganda lake halijachanika. Iliyochanika isitumike tena hata kama inawaka, kwa sababu inaweza kupiga shoti ndani ya kifaa. Kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya kifaa, iweke, kisha urudishe mipangilio ya kiwandani na uanze upya kwa koili baridi.

Ikiwa atomaiza mbili tofauti, zote zenye ukinzani uliotulia, bado zinaunguza pamba kavu kwenye nyuzijoto 200, basi saketi ya kupimia ina kasoro, na si kazi ya kurekebisha nyumbani. Kifaa hicho kisitiwe tena waya wa nikeli wala wa titani, kwa kuwa metali hizo hazifai kutumika bila udhibiti wa joto. Stenlesi inaweza kuendelea kutumika humo kwa wati za kawaida, kwa kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye koili, hadi kifaa kirudishwe dukani au kibadilishwe.